Kusanifu mtandao wa swichi za mwanga utakaokua bila kung'olewa

Jozi moja ya faiba yenye mawimbi 64, kila wimbi likibeba gigabiti 400 kwa sekunde, hupitisha terabiti 25.6 kila upande. Hesabu hiyo inavutia, na wengi huishia hapo: wakishajua faiba itabeba nini, huona mtandao umekwisha kusanifiwa. Kazi yenyewe iko kwenye nodi, yaani pale mawimbi yanapofika kutoka pande tatu au nne, baadhi yashuke, baadhi yapite moja kwa moja, na mengine mapya yapande. Nodi iliyopangwa kwa mahitaji ya leo tu itakulazimisha kuzima wateja siku unapoongeza mji wa saba. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu karatasi tupu hadi siku ya kuwasha, na kila hatua ninauliza swali lile lile: nikitaka kuongeza, nitagusa nini?

Ninachukulia kwamba unajua desibeli, unajua amplifaya ya EDFA inafanya nini, na umewahi kuona ripoti ya OTDR, kifaa cha kupima faiba kwa mipigo ya mwanga. Kila wimbi nitaliita lamda, kama mafundi wanavyoliita.

Mfano wetu ni wa mazoezi, si mtandao wa kampuni fulani: Mombasa, Nairobi, Arusha, Dodoma, Dar es Salaam, Tanga, halafu kurudi Mombasa. Nimeichagua miji hii kwa sababu nyaya za baharini zinatua Mombasa na Dar es Salaam, na miji ya bara inazitegemea. Umbali, kwa makadirio ya barabara: Mombasa–Nairobi km 480, Nairobi–Arusha km 270, Arusha–Dodoma km 430, Dodoma–Dar km 450, Dar–Tanga km 350, Tanga–Mombasa km 180. Duara zima ni km 2,160.

Hatua ya 1: Hesabu lamda kwa jozi za miji

Anza na jedwali la nani anaongea na nani. Miji sita ina jozi 15. Ukitaka kila jozi iwe na lamda yake moja inayopita bila kusimama njiani, jiulize kila lamda itachukua viungo vingapi. Kwenye duara la miji sita, kila mji una majirani wawili walio kiungo kimoja mbali, wawili walio viungo viwili, na mmoja aliye viungo vitatu. Jumla ni 9 kwa kila mji, kwa hiyo viungo 27 kwa jozi zote 15. Gawa kwa viungo sita vya duara unapata 4.5, maana yake unahitaji angalau lamda 5.

Tano ni chache, na hapo ndipo mtu hutulia. Sasa ongeza miji ifike 12: hesabu ile ile inatoa lamda 18. Ifike 24: lamda 72. Miji ikiongezeka mara mbili, lamda zinaongezeka mara nne. Duara halikui kwa mstari ulionyooka, na ni lazima ulijue hilo kabla hujanunua chochote.

Tena hapo hatujaweka ulinzi. Ukitaka kila jozi iwe na njia ya akiba upande wa pili wa duara, iliyotengwa na kusubiri muda wote, basi kila jozi inakula lamda moja kuzunguka duara zima. Miji 6 inataka lamda 15. Miji 12 inataka 66. Mfumo wa lamda 64 umeshakwama ukiwa na miji 12 tu, kila jozi ikiwa na lamda moja. Nimeona mipango mizuri kwenye makaratasi ikivunjika katika hesabu hii, ambayo inafanyika kwa kalamu katika dakika kumi.

Hatua ya 2: Kata duara mapema

Dawa ni kiungo cha kukatiza. Katika mfano wetu ninakiweka Arusha–Tanga, kupitia Moshi, Same na Korogwe, takriban km 430. Duara la miji sita linagawanyika kuwa maduara mawili ya miji minne, yakishirikiana ukingo mmoja. Jumla ya viungo vinavyotumika inashuka kutoka 27 hadi 25, na sasa inagawanywa kwa viungo saba: wastani wa 3.6 badala ya 4.5.

Upungufu huo ni mdogo, na kama faida ingeishia hapo nisingekushauri uchimbe mtaro wa kilomita 430. Faida kubwa iko kwenye njia za akiba. Faiba ya Mombasa–Nairobi ikikatwa na greda la barabara, bila kiungo cha kukatiza mawimbi lazima yazunguke Tanga, Dar, Dodoma na Arusha: km 1,680. Kukiwa na kiungo hicho, yanapita Tanga na Arusha: km 880. Katika Hatua ya 4 utaona tofauti hiyo inageuka kuwa nini kwa desibeli.

Hapo hapo angalia mitaro. Njia mbili kwenye mchoro zinaweza kuwa bomba moja chini ya daraja moja. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika kwa wakati mmoja kusini mwa Bahari ya Hindi, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakaona mtandao ukizorota. Nyaya zilikuwa mbili zenye majina mawili, hatari ikawa moja. Kwa hiyo kila kiungo kiandikie daraja, reli na mtaro kinakopita, na njia ya akiba isigawane hata kimoja na njia kuu. Kazi hii ni ya kutembea na kutazama kwa macho.

Hatua ya 3: Chagua mgawanyo wa spektra

Viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinahesabu chaneli, yaani nafasi ya kila lamda, kuanzia 193.1 THz. Kwa mgawanyo wa kudumu unachagua 50 au 100 GHz. Kwa mgawanyo wa kunyumbulika, upana wa kila chaneli ni mafungu ya 12.5 GHz, na kitovu chake kinasogea kwa hatua za 6.25 GHz. Bendi C, masafa yanayotumika zaidi kwenye faiba, kwenye mifumo ya leo ina takriban 4.8 THz, kwa hiyo unapata chaneli 96 za 50 GHz, au 64 za 75 GHz, au 48 za 100 GHz.

Chukua mgawanyo wa kunyumbulika hata kama utaanza na chaneli za upana mmoja. Transponda (vifaa vinavyotuma na kupokea lamda) za kizazi kipya zinataka 150 GHz au zaidi, na swichi iliyofungwa kwenye 50 GHz haitazipitisha. Mfano wetu unaanza na 75 GHz, yaani mafungu sita.

Kuhusu bendi L, masafa yaliyo chini kidogo ya bendi C: kama kuna uwezekano wowote wa kuitumia baadaye, weka vichujio vya kutenganisha C na L tangu siku ya kwanza, na acha nafasi na umeme kwenye kila kibanda cha amplifaya. Kuvichomeka baadaye ni kukata mawasiliano kibanda kwa kibanda. Vichujio vyenyewe ni bei ndogo ukilinganisha na usiku mmoja wa kuzima Nairobi.

Hatua ya 4: Hesabu kelele kabla ya kupanga vibanda

Kila amplifaya inaongeza nguvu na inaongeza kelele. Uwiano wa mwanga na kelele, ule ambao vifaa huuonyesha kama OSNR, unakadiriwa hivi: chukua 58, ongeza nguvu ya chaneli kwa dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja), toa kipimo cha kelele cha amplifaya, toa upotevu wa kipande kimoja cha faiba, kisha toa mara kumi ya logi ya idadi ya vipande. Makadirio haya yanadhani vipande vyote vinafanana, nayo yanatosha kwa hatua ya usanifu.

Faiba ya kawaida ya G.652 hupoteza takriban dB 0.2 kwa kilomita kwenye nanomita 1550 ikiwa mpya. Usitumie namba hiyo kwenye mpango. Tumia 0.25, kwa sababu faiba ya barabarani itakatwa, na kila tengenezo linaongeza splaisi, yaani mahali faiba mbili zimeungwa. Kipande cha km 80 kinapoteza dB 20. Ongeza dB 2 za konekta na paneli: 22. Chaneli iwe na 0 dBm, amplifaya iwe na kelele ya dB 5.5.

Mombasa–Nairobi ni vipande 6. Jibu ni dB 22.7. Moduli za transponda za gigabiti 400 zinazotumia modulesheni (namna ya kupachika biti kwenye mwanga) ya 16QAM huhitaji takriban dB 24, kwa hiyo hazifiki. Za gigabiti 200 kwa QPSK, modulesheni nyepesi zaidi, huhitaji takriban 16, nazo zinafika bila shida.

Sasa njia za akiba. Kuzunguka duara lote, km 1,680, ni vipande 21: dB 17.3. Hata gigabiti 200 inabaki na akiba ya dB 1.3 tu, na hatujaondoa hasara za nodi nne za katikati. Kupitia Arusha–Tanga, km 880, ni vipande 11: dB 20.1. Akiba inakuwa dB 4. Ule mtaro wa Korogwe umejilipia hapa.

Kisha jaribu kusogeza vibanda. Badala ya kila km 80, viweke kila km 60. Kipande kinapoteza dB 15, na zile 2 za konekta zinafanya 17. Mombasa–Nairobi inakuwa vipande 8, na jibu ni dB 26.5. Sasa gigabiti 400 inafika, ikiwa na akiba ya dB 2.5. Umeongeza vibanda viwili tu kwenye njia hiyo, kutoka vitano hadi saba, na uwezo wa kila lamda umeongezeka mara mbili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kibanda hakibadilishwi mahali kikishajengwa: umeme umevutwa, uzio umewekwa, mwenye shamba amelipwa. Swichi utaibadilisha baada ya miaka michache, lakini umbali kati ya vibanda utaishi nao mpaka ustaafu.

Usidhani unaweza kuponya kipande kirefu kwa kuongeza nguvu ya leza. Ukipita kiasi, kwa kawaida desibeli chache tu juu ya 0 dBm, faiba yenyewe inaanza kuchanganya mawimbi jirani, na ubora unashuka tena.

Hatua ya 5: Nodi ya kawaida

Tuseme nodi ina faiba nne zinazoingia na nne zinazotoka, kila moja na lamda 64. Chaneli zinazoingia ni 256. Mtu akitaka swichi inayoweza kupeleka chaneli yoyote kwenye chaneli yoyote, jedwali la 256 kwa 256 lina makutano 65,536.

Sasa gawa kwa rangi. Lamda namba 1 kutoka faiba zote nne ziende kwenye swichi moja ndogo ya 4 kwa 4. Lamda namba 2 kwenye swichi yake, na kuendelea hadi 64. Una swichi 64 zenye makutano 16 kila moja: jumla 1,024. Umepunguza mara 64. Ulichopoteza ni uwezo wa kubadilisha rangi katikati ya safari: wimbi lililoingia likiwa lamda 7 litatoka likiwa lamda 7. Kwa mtandao wa kawaida bei hiyo inafaa kulipwa, na Hatua ya 7 itaonyesha namna ya kuishi nayo.

Swichi ya kuchagua mawimbi, WSS, inafanya kazi ya swichi ndogo hizo zote ndani ya kisanduku kimoja. Faiba moja inaingia, na kila lamda unaielekeza kwenye mlango unaoutaka, bila kuugeuza mwanga kuwa umeme. Zipo za mlango 1 kwa 9, 1 kwa 20, na kubwa zaidi. Kwa nodi yenye pande nne, kila upande unatumia milango mitatu kuelekea pande nyingine. Ukinunua 1 kwa 9, inabaki sita kwa kupandisha, kushusha na kukua. Ukinunua 1 kwa 20, inabaki 17. Kwa Arusha na Tanga, ambazo tayari zina pande tatu, nunua 1 kwa 20 bila kujadili. Kwa Dodoma, ambayo leo ina mbili, pia ningenunua 1 kwa 20: Iringa, Tabora na Mwanza ziko ng'ambo yake, na siku moja zitataka kuingia.

Kuna namna mbili za kupanga nodi. Ya kwanza inaugawa mwanga kwa spilita kwenda pande zote, halafu WSS ya kutokea inachagua. Ni rahisi, lakini spilita ya njia nne inapoteza dB 6, ya njia nane dB 9, ya njia kumi na sita dB 12, na mwanga usiotakiwa unafika kila mahali ukisubiri kuvuja. Ya pili inaweka WSS mwanzoni na nyingine mwishoni. Hasara ya kila WSS ni kati ya dB 5 na 8 hata pande zikiongezeka, na mvujo unazuiwa mara mbili. Kwa nodi ya pande mbili ambayo una hakika haitakua, namna ya kwanza inatosha. Kwingine kote weka WSS mbili.

Kumbuka pia kwamba kila WSS inakwangua kingo za chaneli kidogo. Kupita nodi nne ni kupita WSS nane. Chaneli inayojaza 75 GHz hadi ukingoni itaumia, kwa hiyo kwa njia ndefu chagua modulesheni inayoacha nafasi pembeni, au ipe chaneli fungu moja zaidi la 12.5 GHz.

Upande wa kushusha una mtego wake. Ukiunganisha transponda kwenye benki moja (kundi la milango ya kupandisha na kushusha) inayopokea kutoka pande zote, lamda 7 ya kutoka Nairobi na lamda 7 ya kutoka Dodoma haziwezi kushuka pamoja kwenye benki hiyo. Weka benki mbili tangu mwanzo kwenye miji mikubwa, au angalau acha milango ya WSS kwa ajili ya benki ya pili.

Hatua ya 6: Faiba zikiwa nyingi, jenga kwa hatua tatu

Itafika siku ambapo njia moja si jozi moja ya faiba tena bali kumi. Pande nne mara kumi ni 40, na WSS ya 1 kwa 20 haina milango ya kutosha. Vituo vikubwa vya data wanafika hapa mapema zaidi. Katika hali hiyo acha kugawa lamda zote kila mahali. Faiba ambazo mizigo yake yote inapita tu, zipitishe nzima kwenye swichi ya nafasi, inayounganisha faiba na faiba bila kujali rangi. Zile chache zinazohitaji kupandisha na kushusha ndizo zipitie WSS.

Swichi hiyo ya nafasi isiwe kipande kimoja kikubwa. Mwaka 1953 Charles Clos wa Bell Labs alionyesha namna ya kuijenga kwa safu tatu za swichi ndogo, akiwa anafikiria simu, na hesabu yake inatufaa vile vile. Chukua milango 256. Safu ya kwanza iwe na swichi 32, kila moja ikipokea faiba 8. Safu ya mwisho vivyo hivyo. Swali ni safu ya kati iwe na swichi ngapi ili muunganisho mpya usikwame kamwe.

Fikiri hivi. Unataka kuunganisha mlango mmoja ulio huru. Swichi yake ya kuingilia ina milango mingine 7, na kwa hali mbaya kabisa yote inatumika, kila mmoja ukipitia swichi tofauti ya kati: 7 zimezibwa upande huo. Swichi ya kutokea nayo ina wengine 7, na kwa bahati mbaya wanatumia swichi 7 nyingine kabisa za kati. Jumla 14. Ukiwa na ya 15, lazima iwe huru pande zote mbili. Kanuni yake: milango n kwa kila swichi ya kuingilia, swichi za kati 2n − 1. Makutano ya mfumo wote ni 23,040 badala ya 65,536.

Ukikubali kuhamisha miunganisho iliyopo ili kumpisha mpya, swichi 8 za kati zinatosha, na makutano yanashuka hadi 12,288. Kwa mtandao wa wateja walio hewani sikushauri. Kuhamisha wimbi lililo hai ni kulikata kwa milisekunde kadhaa au zaidi, na mteja wa benki atakupigia simu. Kwenye kituo cha data, ambako programu zinajua kusubiri, inakubalika.

Ukubwa wa swichi ya kati ndio dari ya ukuaji wako. Ukinunua za kati zenye milango 8 kwa sababu leo una swichi 8 tu za kuingilia, umejifungia hapo. Nunua za kati zenye milango 32, tumia 8, na kila mwaka chomeka swichi mpya pembeni bila kugusa za zamani.

Kuhusu aina ya swichi: zile za vioo vidogo vinavyoinama, MEMS, zinafanya 256 kwa 256 kwa vioo 512, kimoja kwa kila mlango wa kuingia na kimoja kwa kila wa kutoka, wala hazihitaji kioo kwa kila makutano. Hasara yake ni dB 2 hadi 3, na zinageuka kwa milisekunde. Google wameeleza hadharani swichi yao ya Palomar ya aina hii, milango 136 kwa 136, inayounganisha vituo vyao vya data. Wanatumia sakuleta, kifaa kinachotenganisha mwanga unaokwenda na unaorudi, ili faiba moja ibebe mwanga wa pande zote mbili, na hivyo mahitaji ya milango yanapungua nusu. Hoja ya makutano machache inapungua nguvu kwa MEMS, lakini hoja ya dari inabaki, na inaongezeka ya hasara: safu tatu kwa dB 3 ni dB 9. Kama swichi moja ya MEMS inatosheleza makadirio yako yote ya ukuaji, tumia moja. Ikizidi hapo, nenda safu tatu na uweke amplifaya kwenye hesabu.

Kipo pia kifaa kisichotumia umeme kabisa, AWG, ambacho wimbi linachagua mlango wake wa kutokea kwa rangi yake tu. Lamda k ikiingia mlango i inatoka mlango i + k, na ikipita mwisho inarudi mwanzo. Kwa kubadili rangi ya leza umebadili njia. Kinapendeza sana, lakini kila mlango wa kutokea unapokea mvujo mdogo wa rangi ile ile kutoka milango mingine yote, na mvujo huo unakua kadiri milango inavyoongezeka. Ningeishia kwenye 32.

Hatua ya 7: Gawa lamda kwa utaratibu

Chukua hali hii. Mombasa–Nairobi lamda 1 inatumika na lamda 2 iko huru. Nairobi–Arusha lamda 2 inatumika na lamda 1 iko huru. Mteja anataka Mombasa–Arusha kupitia Nairobi. Kila kiungo kina nafasi, na bado hapiti, kwa sababu hakuna rangi moja iliyo huru njia nzima. Mtandao unaweza kuonekana nusu tupu kwenye ripoti na ukakataa wateja.

Kinga yake ni nidhamu. Panga njia ndefu kwanza, maana ndizo ngumu kupata rangi moja mwanzo hadi mwisho. Kila mpya mpe lamda ya namba ndogo kabisa iliyo huru njia yote, ili nafasi zilizobaki zikae pamoja juu. Chaneli za upana tofauti zitenge: za 75 GHz zianze chini, za 150 zianze juu, zikutane katikati. Usimruhusu fundi kuchagua rangi kwa sababu ndiyo transponda aliyokuwa nayo stoo.

Pale ambapo rangi haipatikani kabisa, au OSNR haitoshi, shusha wimbi, ligeuze umeme, lisafishe, ulirushe upya kwa rangi nyingine. Hiyo ni transponda mbili mgongo kwa mgongo, na ni ghali, kwa hiyo chagua miji miwili tu ya kufanyia hivyo. Katika mfano wetu ningechagua Arusha na Tanga, ambako njia nyingi zinakutana.

Hatua ya 8: Kuwasha na kupima

Kiini cha faiba hii kina upana wa takriban mikromita 9, na amplifaya inaweza kutoa dBm 20 au zaidi. Vumbi moja kwenye konekta yenye nguvu hiyo linaungua na kuuharibu uso wa kioo moja kwa moja. Kagua kila konekta kwa darubini yake, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Usitazame faiba kwa jicho kamwe: mwanga wa nanomita 1550 hauonekani, na amplifaya ambazo kinga yake ya kujizima imeondolewa wakati wa majaribio ndizo hatari zaidi.

Jaza chaneli tupu kwa kelele ya mwanga iliyopimwa, ili amplifaya zione mzigo kamili tangu siku ya kwanza. Usipofanya hivyo, kila lamda mpya itabadilisha nguvu za zilizopo, na siku faiba inapokatika na lamda 40 kutoweka kwa mpigo, zilizobaki zitaruka nguvu na kupata makosa ingawa njia yao ni nzima.

Sawazisha nguvu za chaneli kwenye kila nodi, kisha linganisha OSNR uliyopima na uliyohesabu kwenye Hatua ya 4. Zikitofautiana kwa zaidi ya dB 1.5, usipokee kazi kwa mkandarasi. Rudi na OTDR kipande kwa kipande mpaka umpate mhalifu, ambaye mara nyingi ni splaisi moja au kona kali ndani ya paneli.

Mwisho, kata kwa makusudi. Kabla ya mteja wa kwanza, chomoa Mombasa–Nairobi, pima muda wa kuhamia Tanga–Arusha, na usome OSNR ya njia ya akiba ikiwa inabeba mzigo. Rudia kwa viungo vyote saba, kimoja kimoja. Kisha zima nodi nzima ya Arusha. Nairobi na Dodoma zitabaki na njia moja tu kupitia pwani, km 1,460. Kwa vipande vya km 80 inakupa takriban dB 18, na kwa vibanda vya km 60 takriban 21.6. Transponda za gigabiti 400 hazitaivuka njia hiyo kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, kwa hiyo ziandikie kwenye mfumo wa udhibiti zishuke hadi 200 zenyewe, na uhakikishe zimeshuka kweli ukiwa umesimama hapo.